Bei za hospitali Uingereza: mgeni, mwenye viza na mwenye pasipoti, nani analipa nini?

Chanuo

Wakuu, salaam. Naomba wenye kuujua mfumo wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, wanipambanulie jambo moja, maana ukiuliza watu watano unapata majibu sita.

Nyumba ni moja, iko mji wa Leicester, England, na Desemba hii watakuwamo watu watatu. Kuna mama wa miaka 66 anayekuja kutembea kwa viza ya miezi 6. Ana presha na kisukari. Kuna binti anayesoma uzamili wa mwaka mmoja kwa viza ya mwanafunzi. Halafu kuna mjomba, pasipoti yake ni ya Uingereza kabisa, lakini huu ni mwaka wa 14 anaishi Dar na anakuja kwa wiki 3 tu.

Wote watatu wakiugua siku moja, nani analipa na nani halipi? Mama anaweza kulipiwa IHS, ile ada ya afya inayolipwa pamoja na viza, kama binti? Bima ya safari inatosha? Na bili isipolipwa inakuwaje? Nataka jibu la kufanyia kazi, si la kijiweni.

Kidau

Kwanza litoe kichwani neno "raia". Hospitali za NHS hazipangi bei kwa kuangalia pasipoti, zinaangalia unaishi wapi. Anayetibiwa bure ni yule anayehesabiwa kuwa mkaazi wa kawaida: yuko Uingereza kihalali, kwa hiari yake, na maisha yake kwa wakati huo yako pale. Mtanzania au Mkenya asiye na uraia wa huko anatakiwa awe na kitu kimoja zaidi, yaani ukaazi wa kudumu, ILR. Sharti hilo limeletwa na Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014.

Sasa pitisha watu wako watatu kwenye chujio hilo. Binti si mkaazi wa kawaida kwa maana hiyo, lakini kalipa IHS alipoomba viza, kwa hiyo hospitali haimtozi. Mama ni mgeni, anatozwa. Na mjomba, ambaye nyumba nzima inamwona ndiye mwenye nchi, naye ni mgeni na anatozwa sawasawa na mama. Kiwango cha England ni 150% ya bei ya kitaifa ya NHS. Huduma ambayo kwenye orodha yao ni pauni 2,000 inaandikwa 3,000 kwenye bili ya mgeni.

Mjomba ataleta hoja zake, zote zinajulikana: nilikatwa National Insurance (mchango wa hifadhi ya jamii) miaka 20, nina nyumba yangu, nina namba ya NHS tangu utotoni. Hakuna hata moja inayomsaidia. Kodi za zamani hazihesabiwi, kumiliki nyumba hakuhesabiwi, na namba ya NHS ni namba ya faili tu, haisemi kitu kuhusu haki ya kutibiwa bure.

Lakini akiamua kurudi jumla, mambo yanageuka siku hiyo hiyo anayotua. Hakuna kusubiri miezi 3 wala 6. Shida inakuwa kuthibitisha kwamba amerudi kweli na hakuja kutibiwa kisha aondoke. Karatasi zinazosaidia ni kama hizi: tiketi ya kwenda bila kurudi, mkataba wa nyumba wenye jina lake, barua ya kazi au ya kuacha kazi Dar, hati ya kontena la vyombo vyake kutoka bandarini, barua ya shule kama kaja na watoto, bili ya kodi ya halmashauri. Moja peke yake haina nguvu. Tatu au nne zinazosema jambo moja zina nguvu zaidi. Na tiketi ya kurudi Dar tarehe 5 Januari inazifuta zote.

Mwanatumu_L

Nimalizie upande wa binti, maana IHS ndiyo inayochanganya watu mahesabu.

Tangu Februari 2024 kiwango ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na 776 kwa mwanafunzi, wategemezi wake, na mtoto wa chini ya miaka 18. Inalipwa yote kwa mkupuo, kwa kila mtu, kwa urefu wote wa viza, wakati wa kutuma maombi. Kipande cha mwaka kisichozidi miezi 6 kinahesabiwa nusu. Kikizidi miezi 6 kinahesabiwa mwaka mzima. Hapo ndipo watu wanapigwa na butwaa, kwa sababu wanahesabu urefu wa masomo wakati Home Office, wizara inayotoa viza, inahesabu urefu wa viza.

Chukua uzamili wa miezi 12. Viza hutolewa na mwezi mmoja kabla ya masomo na miezi 4 baada yake, jumla 17. Mwaka mmoja ni 776, miezi 5 iliyobaki ni nusu, 388. Jumla 1,164. Mwenye viza ya mwenza akiomba kutoka nje anapewa miezi 33: miaka 2 na miezi 9, ile 9 inageuka mwaka, anatoa 3,105. Akiongeza akiwa ndani ni miezi 30, yaani 2,587.50. Familia ya mfanyakazi mwenye ujuzi kwa miaka 5, baba, mama na watoto wawili: 5,175 mara mbili, na 3,880 mara mbili, jumla 18,110. Hiyo ni kabla hujagusa ada yenyewe ya viza wala tiketi. Halafu akianza kazi anakatwa kodi na National Insurance kama mwenzake wa pale. Mimi hilo naliita kulipia daraja moja mara mbili, ila ndivyo sheria ilivyo.

Wasiolipa: mwenye viza ya Health and Care Worker na wategemezi wake, na anayeomba ILR. Viza ikikataliwa pesa ya IHS inarudishwa kwenye kadi iliyolipia, huhitaji kuomba. Viza ikitoka halafu usisafiri, hairudi.

Na jibu la swali lako: mama HAWEZI kulipiwa IHS. Haiuzwi peke yake, inakuja na maombi ya viza ya zaidi ya miezi 6. Vivyo hivyo kwa anayekwenda kozi fupi kwa viza ya matembezi. Huyo ni mgeni wa 150% hata akivaa kitambulisho cha chuo shingoni.

IHS nayo haifuniki kila kitu. Kwa England dawa za kuandikiwa na daktari ni pauni 9.90 kwa kila dawa iliyoandikwa kwenye cheti, si kwa cheti kizima. Ukiandikiwa tatu ni 29.70. Anayetumia dawa kila mwezi anunue cheti cha malipo ya awali, pauni 32.05 kwa miezi 3 au 114.50 kwa mwaka, kinafunika dawa zote. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya HC1 ya kuomba nafuu. Akipewa cheti cha HC2 anapata bure dawa, meno ya NHS na kupimwa macho, na hicho si msaada wa umma unaokatazwa kwenye viza. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa ana msamaha wake tofauti, kwa fomu ya FP92A inayosainiwa na GP, yaani daktari wa kituo cha mtaani. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini dawa za cheti hazilipiwi. Matibabu ya kutafuta mtoto, yale ya kupandikiza, IHS haiyafuniki England tangu Agosti 2017.

Dogo Side

Mnazunguka sana. Mama akifika mwandikisheni kwa GP, apewe namba ya NHS, mchezo umeisha. GP haulizi viza.

Pweza

Dogo Side, nusu ya ulichosema ni kweli na nusu ya pili ndiyo inayoleta bili.

Ni kweli GP haulizi viza. Mtu yeyote anaweza kuandikishwa, na kituo hakitakiwi kumkataa kwa kukosa kitambulisho au uthibitisho wa anwani. Mgeni wa zaidi ya saa 24 na chini ya miezi 3 anaandikishwa kama mgonjwa wa muda. Anayekaa zaidi anajaza fomu ya kawaida ya kujiandikisha, GMS1. Kumwona GP ni bure. Na kwa kuwa mama ana miaka 66, dawa za cheti cha GP ni bure pia England, kwa sababu msamaha wa miaka 60 hauangalii uraia.

Lakini GP akimwandikia barua ya kwenda kliniki ya hospitali, pale ni mlango mwingine. Hospitali ina afisa anayeshughulikia wagonjwa wasio wakaazi, wenyewe humwita OVM. Kila mgonjwa mpya huulizwa maswali yale yale: miezi 12 iliyopita umeishi wapi? Umeingia nchini lini? Una viza gani? Majibu yakionyesha mgeni, faili linakwenda kwa OVM. Namba ya NHS haizuii hilo. Wanaokwama ni wale walioambiwa "mama kishaingia kwenye mfumo", wakaenda kliniki mara 4, na bili ikaja baada ya wiki kadhaa kwa zote 4.

Kwa mama, ipange akilini hivi. Yasiyotozwa kwa mtu yeyote, hata aliyeshuka uwanjani asubuhi: GP, simu ya ushauri wa afya ya 111, huduma ya A&E (idara ya dharura ya hospitali), uzazi wa mpango (kutoa mimba hakumo), magonjwa ya zinaa, na orodha ndefu ya magonjwa ya kuambukiza. Kwenye orodha hiyo wamo jamaa zetu wote: malaria, kifua kikuu, taifodi, kipindupindu, homa ya manjano, surua, ukoma. VVU iliingizwa Oktoba 2012. Vilevile madhara ya ukeketaji, mateso, na ukatili wa nyumbani au wa kijinsia, mradi mtu hakusafiri kwa ajili ya matibabu hayo.

Malaria niiongelee kidogo. Msamaha unaanzia kwenye kupima, hata kama majibu yatatoka safi. Kwa hiyo mama akipata homa wiki ya pili tangu atoke Kigoma, asijifunike blanketi akisema ni baridi. Mpelekeni A&E, na sentensi ya kwanza mlangoni iwe "ametoka Tanzania siku 10 zilizopita". Msipolisema hilo mapema, Desemba kila homa inaonekana kama mafua. Ila wakikuta si malaria bali ni figo, matibabu ya figo baada ya A&E yanatozwa.

A&E nayo ina mpaka wake, na mpaka huo ni kulazwa. Vipimo, picha ya mfupa, plasta, dripu akiwa bado A&E: hakuna bili. Daktari akisema "tunamlaza wodini", saa ya malipo imeanza. Akipewa miadi ya kurudi kliniki ya mifupa, nayo inatozwa. Ni jengo moja, korido moja, wakati mwingine kitanda ni kile kile. Kinachobadilika ni neno kwenye faili.

Chanuo

Pweza, ahsante sana. Hapo kwenye kulazwa ndipo pananitia hofu. Presha ikipanda ghafla, au kiharusi, na hatuna elfu kumi mkononi, wanamrudisha nyumbani? Na bima?

Pweza

Hawamrudishi. Kuna makundi matatu ya matibabu na anayeamua ni daktari anayemtibu, si OVM wala mtu wa fedha. Kundi la kwanza ni lisilosubiri: kuokoa maisha au kuzuia hali isiwe mbaya papo hapo. La pili ni la haraka: linaweza kusubiri kidogo, lakini si mpaka mgonjwa arudi kwao. Yote mawili anatibiwa hata kama hana senti, bili inafuata. La tatu ni linaloweza kusubiri hadi arudi nyumbani: mtoto wa jicho, kubadilishiwa nyonga, ngiri isiyouma. Hilo tangu Oktoba 2017 ni pesa kwanza, zote, kabla ya kuguswa.

Ndiyo maana tarehe ya kuondoka ina uzito. Daktari anapima "je, hili linaweza kusubiri mpaka tarehe hiyo?" Mwambieni tarehe ya kweli. Kama safari imeahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, lisemeni, na ombeni liandikwe kwenye faili, kwa sababu linaweza kumhamisha mgonjwa kutoka kundi la tatu kwenda la pili.

Bima: Uingereza hailazimishi bima ya safari kwa mgeni, tofauti na nchi za Schengen, zile za Ulaya zenye viza ya pamoja, wanaotaka ya angalau euro 30,000. Kwa hiyo wengi wanakuja bila, au wanakuja na ile ya bei rahisi iliyonunuliwa kwa ajili ya kuonyesha ubalozini. Kwa mama wa miaka 66 mwenye presha na sukari soma vifungu vitatu kabla ya bei. Cha kwanza ni umri wa mwisho. Cha pili ni magonjwa aliyokuwa nayo kabla: kama hayajatajwa kwenye fomu, kiharusi kitahesabiwa kimetokana na presha na dai litakataliwa. Yatajeni yote, na dawa zake kwa majina, hata kama bei inapanda. Cha tatu ni namna ya kulipa. Bima nyingi zinarudisha pesa baada ya wewe kulipa, na hilo halikusaidii siku hiyo. Tafuta yenye kutoa barua ya dhamana moja kwa moja kwa hospitali, na namba ya simu ya saa 24. Akilazwa, piga simu hiyo siku hiyo hiyo, kabla ya kesho, kwa sababu nyingi zina sharti la kuarifiwa mapema.

Dawa zake aje nazo za kutosha siku zote za safari na wiki 2 za ziada, kwenye maboksi yake, na barua ya daktari yenye majina ya dawa na vipimo. Majina halisi ya dawa, si ya kibiashara, maana jina la boksi la Kariakoo mfamasia wa Leicester huenda hajapata kulisikia. Kama kuna za kutuliza maumivu makali kama tramadol, zisizidi za miezi 3 na barua iwe mkoba wa mkononi.

Zainabu wa Temeke

Naomba niongezee swali hapo hapo: mjamzito mwenye viza ya matembezi?

Nyaraka

Da Zainabu, uzazi wote, kliniki za ujauzito, kujifungua na baada yake, unahesabiwa kundi lisilosubiri. Hospitali haitakiwi kumkatalia wala kumchelewesha kwa sababu ya pesa. Lakini si bure. Bili ya 150% inakuja, na ikitokea upasuaji au mtoto akaenda chumba cha watoto wachanga, inapanda haraka. Wanaomshauri aache kwenda kliniki ili asionekane wanamponza. Atajifungua pale pale na atatozwa pale pale, na hali ikiwa ngumu gharama ni kubwa zaidi. Shirika la Maternity Action lina ushauri wa bure kuhusu bili za uzazi.

Mwenye viza ya IHS hatozwi uzazi. Mtoto wake akizaliwa pale anafunikwa kwa miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo lazima naye awe ameombewa viza na kulipiwa IHS yake. Miezi 3 inaisha kabla wazazi hawajamaliza kuchagua jina, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya mtoto vianze kushughulikiwa wiki ya kwanza.

Sasa bili. Chanuo uliuliza ikitokea haijalipwa.

Bili inatoka kwa jina la mgonjwa, si la mwenyeji. Lakini hospitali inaweza kumpa mwenyeji karatasi ya kuahidi kulipa. Ukiisaini, deni limekuwa lako. Watu wanasaini wakiwa wamesimama kando ya kitanda, macho yamejaa machozi, wakidhani ni fomu ya ndugu wa karibu. Soma kwanza.

Deni likifika pauni 500 na likapita miezi 2 bila kulipwa, hospitali inaweza kuliripoti na likafika Home Office. Hapo ombi lolote la viza la baadaye la mgonjwa huyo linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo peke yake. Si lazima likataliwe, ila mlango wameufungua. Njia ya kuzuia ni kuomba mpango wa kulipa kwa awamu mapema, kwa maandishi, na kuufuata. Pauni 30 kwa mwezi iliyokubaliwa kwenye barua pepe inakulinda kuliko ahadi ya elfu 5 ya mdomo. Tunza risiti ya kila awamu. Mwaka wa tatu ndizo zitakazoambatishwa kwenye ombi la viza.

Kabla ya kukubali deni, ikague bili yenyewe. Makosa yanayojirudia ni haya: siku za A&E kabla ya kulazwa zimeingizwa; matibabu ya ugonjwa ulioko kwenye orodha ya msamaha yametozwa; mwenye IHS ameandikwa mgeni; aliyerudi jumla ameandikwa mgeni kwa sababu alijibu "naishi Dar" kwa mazoea. Mwandikie OVM barua pepe fupi: namba ya bili, tarehe, kifungu gani cha kanuni za 2015 kimetumika, na mchanganuo wa kila siku. Ambatisha ushahidi wako. Wakikaza, nenda PALS, dawati la wagonjwa lililoko kila hospitali. Baada ya hapo ni malalamiko rasmi kwa hospitali, na ngazi ya mwisho ni Ombudsman wa afya. Shirika la Doctors of the World nalo linasaidia wasiojua waanzie wapi. Wakati unabishana, omba kwa maandishi kwamba deni liwekwe kwenye hali ya ubishani lisiripotiwe.

Nyote zingatieni kwamba niliyoandika ni ya England. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini wana kanuni zao. Na nchi zetu, Tanzania, Kenya, Uganda, hazina makubaliano ya afya na Uingereza ya kumwokoa mgeni, kama walivyo nayo Australia au New Zealand.

Dogo Side

Sawa, nimekubali kwa GP. Lakini 150% ni ubaguzi tu. Mgonjwa ni mgonjwa.

Kidau

Ile nusu ya juu hata mimi naiona ni adhabu, maana bei kamili tayari inafidia gharama. Ila tusichanganye mambo. Nenda Malaysia, ambako vijana wetu wengi wanasoma, uone bei inayofuata kitambulisho cha taifa kweli kweli. Kwenye hospitali ya serikali raia analipa ringgit 1 kumwona daktari wa kawaida na 5 kwa daktari bingwa. Mgeni analipa 40 na 120, hata kama ameishi hapo miaka. Kulazwa mgeni anaweka amana kwanza. Mwenye pasipoti ya Malaysia anayeishi London akirudi likizo bado analipa ringgit yake 1. Uingereza ni kinyume: mjomba wa Chanuo anatozwa kama Mtanzania, na Mtanzania mwenye ILR anatibiwa kama aliyezaliwa Leicester.

Kwa hiyo Chanuo, bima ya mjomba usiisahau. Mama yenu mmemfikiria, lakini huyo ndiye atakayepanda ndege bila chochote akijiamini, na umri wake nao sijui ni upi.

Chanuo

Miaka 61. Na kweli alisema bima ni ya wageni.

Mwanatumu_L

Basi mnunulieni kimyakimya.

Jambo la mwisho kwa binti, dogo ila linasumbua sana. Viza za sasa ni za kielektroniki, kadi zile za ukaazi za BRP zimekwisha tangu mwisho wa 2024. Hospitali inaona kwenye rekodi ya mgonjwa kama IHS imelipwa, lakini inaona tu kama rekodi ya viza na rekodi ya NHS zimekutana. Majina yetu ndiyo yanayokwamisha. Pasipoti inasema jina la ukoo ni la babu, kwa GP kajiandikisha kwa jina la baba, kituo kingine kimeandika la kati mwanzo. Mfumo unaona watu wawili, na mmoja wao hana IHS.

Siku ya kujaza GMS1 aweke pasipoti mezani na anakili jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Kama tayari kajiandikisha vingine, aende mapokezi ya GP na pasipoti aombe warekebishe, na aulize kama ana namba mbili za NHS ili ziunganishwe. Kwenye simu awe na nambari yake ya IHS, ile inayoanza na herufi hizo tatu, na barua pepe ya kupewa viza. OVM akimpigia, anaitaja hiyo namba na kutoa msimbo wa kuonyesha eViza yake.